Kengele Zinazoitana



Katika mkutano wa halmashauri uliopita lilitajwa jambo la kununua kengele za moshi kwa fedha zilizosalia katika mfuko wa chama, na rai iliyopata watu wengi ni kwamba kila mwanachama anunuliwe kengele moja ndogo ya bei rahisi, ili kila mtu apate na pasiwe na manung'uniko. Sisi hatukusema kitu siku ile, maana kazi ya katibu mkutanoni ni kuandika na si kubishana. Lakini gazeti hili ni la wanachama wote, na katibu naye ni mwanachama, ana mikarafuu yake na nyumba yake na watoto wake, kwa hivyo twaomba ruhusa kusema hapa yale ambayo hatukuyasema kule. Rai yetu ni nyingine. Twaona kheri zinunuliwe chache, ziwe za aina ya kuunganishwa, yaani moja ikilia zote zinalia, ziwe za moshi na za hewa ya makaa pia, na zianze kuwekwa katika nyumba wanazolala wachumaji wakati wa msimu.

Kabla ya kueleza sababu hatuna budi kukiri jambo.

Msimu uliopita mvua za vuli zilitukuta na majamvi nje. Kila mkulima ajua kwamba karafuu mbichi haina subira. Ukiilaza imerowa siku mbili tatu yachacha, na bei yake yashuka. Tukaingiza kila kitu ndani ya nyumba ya wachumaji: magunia ya kavu vyumba vya kulia, mbichi tukazitandaza ukumbini, na watu wakalala vyumba vya kushoto. Umeme ulikuwa umekatika tangu alasiri. Jenereta ilikuwa uani chini ya kibanda kinachovuja, na sisi, kwa kuiogopea mvua na kwa kuwaogopa wezi, ndio tuliosema iingizwe ndani, iwekwe mwisho wa ukumbi, na mlango wa uani ufungwe kwa komeo. Hapana mtu mwingine aliyetoa shauri lile. Tulilitoa sisi.

Saa sita za usiku mtoto mmoja akatapika. Mamaake akasema ni homa. Wachumaji wawili wakalalamika vichwa, tukawapa vidonge tukawaambia walale, kwani tangu asubuhi walikuwa juu ya miti. Sisi wenyewe miguu ilikuwa mizito kama ya mtu aliyetoka kuvuka tope la mikoko, tukasema ni uchovu. Aliyetuokoa, baada ya Mwenyezi Mungu, ni bibi mmoja mtu mzima aliyelala chumba cha mbele penye dirisha bovu lisilofunga. Aliamka kabla ya alfajiri akitaka kutawadha, akafika ukumbini, akaanguka na kopo lake. Kishindo cha kopo lile juu ya sakafu ndicho kilichotuamsha watu wawili. Milango ikafunguliwa, wenzetu wakaburutwa hata barazani, na wengine hawakuweza kusimama mpaka jua likachomoza. Hospitalini daktari hakuuliza mengi. Aliuliza tu kama palikuwa na mashine au makaa ndani ya nyumba.

Hakufa mtu. Khabari hii hatukuiandika katika gazeti letu kwa haya, na haya ile ilikuwa kosa la pili.

Hewa iliyotuangusha yaitwa kaboni monoksaidi. Hutoka katika kila kitu kinachoungua bila ya kupata hewa ya kutosha: makaa, kuni, mafuta ya taa, petroli, hata gesi ya kupikia ikiwa jiko ni bovu. Haina rangi wala harufu, wala haiwashi macho. Moshi wa jenereta una harufu, ni kweli, lakini pua huzoea; na makaa yaliyokwisha kushika, mekundu, ambayo sote huyaona salama kwa kuwa hayatoi moshi, yanaitoa hewa hiyo kwa wingi. Mtu akiivuta huingia katika damu ikakaa mahali pa oksijeni, na kushika kwake kuna nguvu zaidi ya mara 200 kuliko oksijeni yenyewe. Basi mtu hukosa hewa hali kifua chake chapanda na kushuka kama kawaida. Huanza kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, mwili kulegea; dalili ambazo hapa kwetu kila mtu huziita malaria. Lakini huwapata watu wengi wa nyumba moja kwa wakati mmoja, na hupungua mtu akitoka nje, na malaria hayana tabia hiyo. Lau tungalijua usiku ule tusingaligawa vidonge.

Wala jambo lenyewe si la jenereta peke yake. Mzazi huwekewa jiko la makaa chumbani, madirisha yakafungwa asipate baridi, na mtoto mchanga yuko ubavuni pake. Chetezo cha udi husahauliwa chini ya kitanda. Hatusemi haya kwa kudharau mila. Udi ufukizwe, na mzazi akandwe, lakini makaa yatoke chumbani kabla ya watu kulala. Na jenereta mahali pake ni nje, mbali na mlango na dirisha, kiasi cha mita 6 au zaidi. Unguja walipokaa bila ya umeme kiasi cha miezi mitatu, tangu Disemba 2009 hata Machi 2010, mitaa ilijaa ngurumo za mashine hizo. Pemba tulipata waya wa chini ya bahari kutoka Tanga mwaka huo huo wa 2010, na tangu hapo wengi wetu huiona jenereta kuwa ni kitu cha siku moja moja. Na kitu cha siku moja moja ndicho ambacho mtu hajifunzi adabu yake.

Sasa tuje kwenye kengele zenyewe. Kengele iliyo peke yake hulia pale ilipo. Fikirini nyumba zetu hizi mpya za matofali, zenye dari na milango ya mbao, ukumbi mrefu katikati, jiko na stoo nyuma, wazee wamelala mbele. Moto ukianza stoo usiku, kengele ya stoo italia, lakini milango miwili imefungwa, feni yavuma, na mvua yapiga bati. Mpaka sauti imfikie mtu wa mbele, ukumbi umekwisha jaa moshi, na ukumbi ndiyo njia yake ya kutokea. Watoto nao usingizi wao ni mzito. Mtoto aweza kulala na kengele inalia juu ya kichwa chake, kwa hivyo mkubwa wa kumwamsha lazima aamke kwanza, popote alipo. Hiyo ndiyo faida ya kengele zinazoitana. Moja ikinusa kitu nyuma, ya mbele nayo inalia saa ile ile.

Twakubali kwamba si kila nyumba yahitaji hivi. Nyumba ya udongo na makuti, ambayo kuta za vyumba hazifiki paani, moshi wake hupita juu kutoka chumba hata chumba, na sauti nayo hupita; humo moja iliyowekwa mahali pema yaweza kutosha. Nyumba ya vyumba viwili vilivyotazamana pia. Tunayoyasema ni ya nyumba ndefu zenye dari, na nyumba za wachumaji karibu zote siku hizi ndizo hizo.

Kuna waliosema mkutanoni kwamba mambo haya ni ya Ulaya, ya watu wenye mazulia na mabomba ya moto. Tumetazama Ulaya hiyo wanafanyaje. Mwaka 2017 jengo la Grenfell Tower mjini London liliungua wakafa watu 72. Baada ya msiba ule serikali ya Scotland ikatunga kanuni, na tangu Februari 2022 kila nyumba ya huko, ya tajiri na ya maskini, ya kupanga na ya mwenyewe, yatakiwa iwe na kengele ya moshi katika chumba kinachokaliwa zaidi mchana, na katika kila ukumbi na kila mwisho wa ngazi, na kengele ya joto jikoni, na zote hizo ziwe zimeunganishwa. Ya kaboni monoksaidi wameitaka penye jiko au kifaa kinachounguza kitu, ila hawakulazimisha hiyo iunganishwe na wenzake. Hapo sisi twatofautiana nao. Kwao kinachounguza kimejengewa ukutani na hakihami. Kwetu jiko la makaa latembea nyumba nzima, na jenereta, kama mlivyosikia, yaweza kuingizwa na mtu mwenye akili zake timamu. Kwa hivyo sisi twataka ya hewa nayo iitane na za moshi.

Neno la kengele ya joto jikoni lataka kuelezwa, maana hapo ndipo watu wengi hukosea. Kengele ya moshi haifai jikoni. Itapiga kelele kwa kila samaki anayekaangwa, na baada ya wiki mtu ataitoa betri aitie katika tochi. Ya joto hainusi moshi, hungoja hewa iliyo darini ifike kiasi cha nyuzi 54 hadi 65, ikalia. Na kama jiko lako liko uani chini ya banda, hapana haja ya kuweka chochote huko. Hata chumbani wakati wa kufukiza udi kengele ya moshi yaweza kulia. Zilizo nzuri zina kitufe cha kuinyamazisha kwa dakika chache kisha yarudi kazini yenyewe. Tazameni kitufe hicho kabla ya kununua. Kwa kuacha kukitazama, kengele nyingi hufungiwa mfuko wa plastiki na kusahauliwa.

Za moshi zina namna mbili. Moja hutumia miale ya mwanga ndani ya kijumba chake. Moshi ukiingia huutawanya mwanga, nayo ikalia. Ya pili ina chembe ndogo sana ya amerisiamu, na hiyo huwahi kidogo moto wa ndimi kubwa, lakini hulia ovyo kwa moshi wa kupikia na huchelewa kwa moto unaofukuta. Moto wa nyumba zetu mwingi huanza kwa kufukuta: dawa ya mbu iliyogusa godoro la sponji, kipande cha sigara katika gunia. Kwa hiyo chukueni ya mwanga.

Ya kaboni monoksaidi ina kiini chenye dawa ambacho huchoka, hata kama kengele haikupata kulia siku moja. Nyingi umri wake ni miaka 7 hadi 10, na tarehe ya mwisho imepigwa chapa nyuma au ubavuni. Hili twalisema kwa mkazo kwa sababu ya mitumba. Makontena yanaposhushwa huja humo na kengele zilizong'olewa katika nyumba za watu Ulaya, na ziling'olewa kwa kuwa zimekwisha. Ukitia betri taa inawaka, ukibonyeza kitufe inalia, na muuzaji akuapie kuwa nzima. Kitufe hupima betri na mlio. Hakikwambii kama kiini ki hai. Asiyeona tarehe asinunue, hata akipewa kwa bei ya kiberiti.

Tazameni pia alama za kipimo. Zilizotengenezwa kwa soko la Ulaya huandikwa EN 14604 kwa moshi na EN 50291 kwa kaboni monoksaidi, na za Marekani UL 217 na UL 2034. Kwa kipimo hicho cha Ulaya, hewa hiyo ikifika sehemu 300 katika milioni kengele lazima ilie ndani ya dakika 3. Ikiwa sehemu 50 tu hungoja kati ya dakika 60 na 90, kwa kuwa kiasi hicho hudhuru polepole. Za Marekani zinazotiwa katika umeme wa nyumba ni za volti 120, na umeme wetu ni volti 230, msizitie. Tena zipo zinazosema maneno badala ya kulia tu, na maneno yenyewe ni ya Kiingereza. Bibi aliyeangusha kopo angeamka akadhani wezi wamekuja na mtalii.

Kuhusu kuunganisha, kuna za waya na kuna za mawimbi ya redio. Za waya ni nzuri ukijenga nyumba mpya na fundi umeme bado yumo kazini. Kwa nyumba iliyokwisha jengwa chukueni za redio zenye betri iliyofungwa ndani ya kukaa miaka 10. Hazitaki intaneti wala simu, na umeme ukikatika, ambapo ndipo jenereta hutoka, zenyewe zi macho. Ila jueni kwamba kengele ya kampuni moja kwa kawaida haisikilizani na ya kampuni nyingine. Mwanachama mmoja ana mtoto Muscat na mwingine London, na kila mmoja alimletea kengele mbili nzuri kabisa, za kuunganishwa. Ana nne, na zimekaa nyumbani mwake kama wake wenza, hawa hawasemi na hawa. Wanaotaka kuwatumia wazee wao wapatane kwanza huko huko waliko, watume za kampuni moja na za namna moja.

Kuna la mwisho katika kuchagua. Kengele ya kaboni monoksaidi hainusi gesi ya mtungi inayovuja. Gesi hiyo ni nzito, hutambaa chini sakafuni, na ina kengele yake mbali. Tumekuta watu wametulia kwa kudhani kitu kimoja chafanya kazi zote.

Mahali pa kuziweka: ya moshi iwe katikati ya dari, si kwenye pembe, na isiwe karibu na ukuta kuliko sentimita 30. Nyumba isiyo na dari ina taabu yake, maana chini ya bati la mchana pana joto kupita kiasi, na kengele nyingi zimeandikwa zisizidi nyuzi 40. Sisi twaona afadhali kuteremsha ubao kutoka kwenye boriti na kuipigilia hapo kuliko kuigandisha juu kabisa. Ya kaboni monoksaidi iliyo chumba cha kulala iwe kimo cha kichwa cha mtu aliyelala, na isifunikwe na pazia. Vumbi la karafuu na buibui ndio maadui zao wakubwa. Burashi laini mara moja kwa mwezi yatosha.

Sasa, nyumba moja ya wachumaji, kwa hesabu yetu, yataka mbili za moshi ukumbini, mbele na nyuma, na moja ya kaboni monoksaidi upande wa vyumba vya kulala, na ya joto ikiwa jiko limo ndani. Vitu vitatu au vinne. Bei yake ni kubwa kuliko zile ndogo za mkutanoni, hatukatai, na fedha iliyopo haitafika nyumba zote mwaka huu. Kugawa sawasawa ni kuzuri katika sukari ya sikukuu. Lakini ukimpa kila mwanachama kengele moja ya moshi, utakuwa umetoa vitu vingi, na usiku kama ule wetu hapana hata kimoja ambacho kingelia, kwa kuwa hapakuwa na moto wala moshi wa kutosha kukiamsha. Na wachumaji si wanachama, hawana wa kuwanyoshea mkono katika mkutano. Wanalala pale tunapowalaza sisi.

Mzee mmoja tunayemheshimu alisema ajali ni majaaliwa. Ni kweli, na yeye mwenyewe stoo yake ina kufuli mbili.

Mkutano mkuu utalitazama jambo hili, na sisi tutaandika uamuzi wowote utakaopita kama ilivyo kazi yetu. Wakati huo huo, mwenye kengele yoyote nyumbani, ya kununua au ya kuletewa, na ailete ofisini Jumamosi asubuhi tuisome tarehe pamoja. Zilizopitwa na wakati tutazivunja hapo hapo mbele ya mwenyewe, zisije zikarudi sokoni.

Katibu